Shamba la Mjomba Dadi Juu ya Zege

Kuna watu hapa Kilakala wana midomo. Mjomba wangu Dadi hata arobaini yake haijafika, na juzi nimemsikia mtu dukani anamwita yule babu aliyerukwa na akili akalima juu ya nyumba. Nikageuka. Nikamwambia, aliyerukwa na akili labda babu yako wewe, wangu alikuwa na akili zake timamu mpaka anakata roho, na mchicha uliokuwa unaufuata kwangu Ramadhani nzima ulitoka huko huko juu ya nyumba, mbona hukuutapika? Akachukua sukari yake akaondoka. Sasa na nyinyi kaeni niwaeleze, ili mkisikia tena mjue cha kujibu.

Mjomba Dadi na mama yangu walikuwa tumbo moja. Kwao ni Mkuyuni, kule mlima unapoanza kuinuka. Alipooa akapanda juu, Kinole, kwa sababu mke wake, Bi Mwaisha, ardhi yake ilikuwa huko. Sisi Waluguru, nasema kwa wale wa kuja, ardhi inafuata upande wa mama. Mwanamume anaoa, anahamia kwa mke, analima ardhi ya ukoo wa mke, anajenga, anapanda migomba, na watoto wakizaliwa ni wa ukoo wa mama yao. Kwa hiyo mke akifa, baba anabaki kwa wanawe, hakuna wa kumsogeza. Lakini mjomba na Bi Mwaisha Mungu hakuwajalia mtoto. Walikaa wawili, wakazeeka wawili, yeye na jembe lake, mkewe na iliki zake.

Na alilima, jamani. Mteremko wa Kinole si wa kuchezea, ukidondosha kibuyu unakifuata bondeni. Mjomba aliukata ule mteremko matuta kwa matuta, akapanda pilipili manga, migomba, magimbi kule kwenye unyevu. Ukienda kumsalimia unamkuta kainama, unamwamkia mgongo kabla ya uso. "Shikamoo mjomba!" "Marahaba mama, subiri nimalizie hapa." Na hapo pa kumalizia hapaishi.

Bi Mwaisha akaugua, akafa. Ukoo wake hawakumfukuza mjomba, na mimi sitawasingizia, ni watu wastaarabu. Baada ya arobaini walikuja wakakaa mkekani, wakamkabidhi kanzu mpya nyeupe, mkubwa wao akasimama akasema: "Shemeji, tunakushukuru. Umeishi na sisi vizuri." Basi. Hayo tu. Ukoo ule ndivyo wanavyomwachia mjane wa kiume: anavishwa, anashukuriwa, na kila aliyekaa pale anajua kinachofuata. Mjomba akaivaa kanzu, naye akashukuru, akapita nyumba hadi nyumba kuaga. Wiki ile ile akateremka na begi na jembe, akaja kwangu.

Mama yangu alikuwa ameshatangulia, mashamba ya Mkuyuni yameshagawanywa kwa waliokuwepo. Nimebaki mimi, mpwa. Mume wangu Abdulatif ni mtu wa Singida, mtunza stoo kwenye chuo kule Mazimbu. Mtu mpole, mambo yake taratibu. Alimpokea mjomba kwa mikono miwili, akamwachia chumba chenye dirisha la mlimani. Kwake yeye mzee amefiwa, hana pa kukaa, imekwisha. Habari za kanzu wala hakuzijua, maana nani anakaa kumsimulia mume mambo ya kanzu?

Lakini mjomba kwetu alikuwa hakai. Alikuwepo, ila hakai, mnanielewa? Anakaa ukingoni mwa kiti. Anakuja jikoni anauliza, "Mama, naweza kuchota maji?" Namwambia, mjomba, maji gani ya kuombea ruhusa, hii nyumba ni ya mpwa wako, chota hata uoge mtaa mzima uone! Anacheka, "Ahsante mama." Kesho anauliza tena. Iliniuma sana. Mtu mzima aliyeshika mteremko mzima kwa mikono yake, leo anaomba kikombe.

Nyumba yetu haina bati. Tulimwaga zege juu, nondo tukaziacha zimechomoza, kwa ajili ya ghorofa. Mnazijua nyumba hizo, Morogoro zimejaa. Ghorofa lenyewe lilikuwa la maneno. Kule juu tulikuwa tunaanika mahindi na magodoro tu. Asubuhi moja namtafuta mjomba ale chai, simuoni. Kumbe amepanda ngazi ya nje, amesimama katikati ya nondo, anautazama mlima.

"Shadia," akaniita, "hapa juu pana ukoo?"

Nikaangua kicheko. "Mjomba, zege lina ukoo? Labda ukoo wa kokoto na saruji!"

Yeye hakucheka. Jioni akamwomba Abdulatif apande mboga kule juu. Abdulatif akajibu palepale, "Mjomba, ghorofa tumelingoja mpaka tumechoka, mchicha hautatuchelewesha. Juu ni kwako. Hakuna atakayekuuliza."

"Sema tena, baba," mjomba akamwambia.

"Juu ni kwako."

Akainama akatazama mikono yake. Nikajifanya naondoa vyombo.

Tukamwita fundi Amosi, ndiye aliyetumwagia lile zege. Akazunguka chini, akaangalia mihimili, akasema nyumba itabeba, lakini tusijaze udongo kama wa makaburini, kwani udongo mkavu si tatizo, ogopeni ukilowa. Shubiri moja, basi. Kwanza tukafagia na kuosha, nyufa zikazibwa, zege lote likapakwa lami ya moto, na kwenye kila nondo ikapandishwa kidogo kuzunguka shina lake. Juu ya lami nailoni nzito. Juu ya nailoni kokoto ndogo, ili maji yapite chini kwa chini mpaka kwenye matundu ya mabomba. Juu ya kokoto tukatandaza viroba vilivyopasuliwa, udongo usishuke ukaziba. Ndipo udongo wenyewe, umechanganywa na samadi na pumba za mpunga zilizoungua ili uwe mwepesi. Mjomba aliuchota akaupima mkononi, akanuna kabisa.

"Amosi, hili ni shamba au mto wa kulalia?"

"Mzee, ukitaka ule wa Kinole, basi ulale wewe chini ya hii dari."

Akapanda mchicha, matembele, vitunguu vya majani, pembeni ukoka wa kushika udongo. Iliki alijaribu, ikakataa. Joto la mjini si lake, na shubiri moja haiutoshi mzizi wake. Alikaa nayo siku nyingi akiinyweshea kwa kikombe, mwisho akaing'oa mwenyewe, na siku hiyo hakula mchana.

Vuli ilipoanza tukapata kioja. Mjomba, bila kumwambia mtu, alikuwa ameupanga ule udongo matuta, yamelala kukinga maji, sawasawa na Kinole. Na matundu ya kutolea maji akayaziba vizuri kwa udongo, akaushindilia na mguu. Msimcheke. Mlimani mvua ni mwizi, inakuja kukubebea shamba, na kazi ya mkulima maisha yake yote ni kuizuia. Tangu azaliwe hajawahi kulima mahali ambapo maji hayana pa kwenda. Basi mvua ikapiga mchana mzima, juu kukawa bwawa, maji yakapata upenyo kwenye nondo moja, yakashuka. Abdulatif kajilaza baada ya adhuhuri, tone la kwanza likampata kwenye paji la uso. La pili mdomoni. Alitoka na msuli tu, kichwa kimelowa, mimi kucheka siwezi kuacha.

Tulipopanda juu kicheko kikaniishia. Mjomba alikuwa amesimama kwenye yale maji, jembe amelikumbatia kifuani. "Nitaondoa vyote, baba," anamwambia Abdulatif. "Nitaondoa leo leo, usikasirike."

"Uondoe upeleke wapi, mjomba?" Abdulatif akamjibu. "Lete jembe, nionyeshe pa kuzibua."

Wakazibua pamoja wakiwa wamelowa chapachapa. Mvua zilipopumzika Amosi akaja akarudia lami kwenye zile nondo, akajengea kila tundu kisanduku cha kokoto ili udongo usilifikie, na matuta yakageuzwa yaelekee kwenye matundu. Kuanzia hapo mjomba akawa na wazimu wa matundu. Wingu likijikusanya mlimani tu, yeye yuko juu anakwangua. Majani yaliyodondoka anaokota. Ndege walikuwa wanadondosha mbegu za mkuyu, vimche vinaota kwenye udongo hata kwenye nyufa za ukuta, na hivyo alikuwa havisamehe. "Huu unauona mdogo, mama? Ukiuacha utakula nyumba." Kiangazi, mgao wa maji ukibana, tulikuwa tunamwekea maji ya kuoshea mchele, na yeye mwenyewe alitawadhia kwenye beseni ili maji ya udhu apeleke juu. Kila baada ya masika anaongeza udongo na samadi pale palipobonyea, anafunua pembe moja kutazama kama nailoni imechanika.

Na nyumba ikapoa, sikieni. Chumba chetu, mwezi wa kumi na mbili, kilikuwa tanuri. Sasa unalala na shuka. Majirani wakaanza kuja na vikapu. Mwalimu Prisca wa jirani, yeye ni Mkristo wa huko Mbeya, hata kumwamkia mjomba alimwamkia kwa kuinua shingo: "Shikamoo babu wa juu!" Anajibiwa, "Marahaba, panda uchume."

Siku moja simu yake ikalia, ni mtu wa Mkuyuni anamsalimia. Mimi niko uani nafua. Nikamsikia mjomba kule juu anasema kwa sauti kubwa, "Niko shambani kwangu!" Nguo ikanitoka mkononi. Sijawahi kumsikia mjomba akitamka neno hilo maishani mwangu. Kinole alikuwa anasema shamba la kina Mwaisha. Nikasema alhamdulillahi, sasa amekaa.

Ndivyo tulivyoishi, mpaka Idd ya mwaka jana.

Abdulatif, na moyo wake mzuri huo, akaona mzee ametutendea mengi. Akaenda sokoni kimyakimya akanunua kanzu. Nyeupe, nzuri, ya kudarizi kifuani. Hata mimi hakuniambia, anataka atushtue wote. Siku ya Idd wageni wamejaa sebuleni, mimi na Prisca tuko uani tunapakua pilau, moshi machoni. Abdulatif akasimama mbele ya watu, akamkabidhi mjomba kanzu, akasema maneno aliyoyafikiria mwenyewe, hakufundishwa na mtu: "Mjomba, tunakushukuru. Umeishi na sisi vizuri."

Watu wakapiga makofi. Mimi uani nasikia makofi tu. Mjomba alipotoka amevaa kanzu nikapiga kigelegele mpaka Prisca akaziba masikio. "Umependeza, bwana harusi!" Akaniambia, "Ahsante mama. Nimekula kwenu, nimeshiba." Nami nikajua anasema pilau.

Keshokutwa yake tukaenda Singida kuwaona wakwe. Yeye tukamwachia nyumba. Alitusindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono Abdulatif muda mrefu.

Tuliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni bustani kwa Prisca. Udongo mweusi umejazwa mbele ya nyumba yake, matembele yamepandwa, yamenyauka kidogo yanaanza kushika. Prisca katoka anachekelea. "Babu kanigawia! Kabeba mwenyewe, ndoo kwa ndoo. Nikadhani mnabadilisha udongo."

Nikapanda ngazi mbio na mkoba wangu wa safari. Juu palikuwa peupe. Hata jani. Zege limefagiliwa, limeoshwa, kokoto zimekusanywa pembeni fungu moja, viroba vimekunjwa, nailoni imeviringishwa na kufungwa kamba. Nondo tu zimesimama. Mzee wa umri ule, zile ngazi, ule udongo wote! Nikaita, "Mjomba!" Nilidhani amekufa.

Alikuwa barazani upande wa pili. Amevaa ile kanzu. Begi miguuni, jembe limefungwa kwenye kiroba.

"Karibuni," akasema. "Poleni na safari. Nilikuwa nawasubiri niage, mtu haondoki kama mwizi."

"Unakwenda wapi, mjomba?"

"Mkuyuni."

"Mkuyuni kwa nani?"

"Nitafika tu, mama."

Nikamgeukia Abdulatif, nikapandisha sauti, mtaa mzima ulisikia. Umemwambia nini mjomba wangu? Nyuma ya mgongo wangu umemwambia nini? Na Abdulatif masikini, sanduku bado liko begani, anaapa, "Mimi? Mimi nimemnunulia kanzu! Nimemshukuru mbele za watu!"

"Ulimwambiaje?"

Akarudia maneno yake, neno kwa neno. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Nikamweleza mume wangu, pole pole, kanzu ya Kinole, mkeka, na yale aliyoyasema mkubwa wa ukoo. Nilimwona uso ukimbadilika. Akatua sanduku, akaenda akapiga magoti mbele ya mjomba, mtu mzima.

"Mjomba, wallahi, mimi nilikuwa nashukuru tu."

Mjomba alimtazama bila hasira hata chembe. "Na wao walikuwa wanashukuru tu, baba."

Hakuondoka. Nililishika lile begi nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa titi, na mjomba hawezi kumwacha mpwa wake analia njiani. Akarudi chumbani akatundika kanzu. Abdulatif akachukua likizo. Akapandisha udongo mwenyewe, mwingine akaurudisha kutoka kwa Prisca huku anamwomba radhi, akatandaza nailoni, kokoto, viroba, kila kitu kwa mpangilio wake. Mjomba alikaa kwenye kigoda anamwelekeza. Alimwelekeza vizuri sana, kwa upole. Mboga zikaota tena.

Lakini mjomba hakurudi. Alikuwa anapanda ngazi kila siku, anapalilia, anakwangua matundu, ila kabla ya kupanda anapita kwa Abdulatif. "Baba, naweza kwenda kukusaidia kule shambani kwako?" Jioni analeta habari: "Shamba lako liliota mkuyu, nimeung'oa." "Ni lako, mjomba," Abdulatif anamwambia. "Inshallah," anajibu. Simu ikilia, anasema yuko kwa mkwe, anasaidiasaidia.

Tulifanya kila kitu. Nilimwita mkubwa wa msikiti aseme naye, wakaongea vizuri, wakala tende. Siku moja Abdulatif akaja na Amosi na msumeno wa umeme, wakakata nondo zote, wakazipaka saruji juu. Ghorofa ndiyo basi tena, halitajengwa na sisi wala na wanetu. Alifanya hivyo ili mzee aone. Nami nilizitazama zile nondo zinashushwa na roho ikaniuma, siwafichi, lakini nikasema sawa. Mjomba akaja akapapasa pale zilipokatwa.

"Umefanya vizuri, baba," akasema. "Zilikuwa zinaleta kutu."

Abdulatif aliingia chooni akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu.

Masika haya kifua kikamkamata. Hospitali tulikwenda, dawa alikunywa, mwisho akasema anataka kulala nyumbani. Ngazi hakuziweza tena. Siku ya mwisho, asubuhi, mvua ikaanza, ile mvua nzito ya mlimani isiyobisha hodi. Akafumbua macho, akanivuta mkono.

"Mama. Mwambie mwenye shamba lile tundu la upande wa mlimani linaziba upesi. Asilisahau."

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, "Mjomba, mwenye shamba ni wewe. Ni lako. Tangu siku ya kwanza ni lako!"

Akanipigapiga mkono, kama ananibembeleza mimi. "Usimdanganye mgonjwa, mama. Si vizuri."

Abdulatif alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Amesikia yote. Akakiweka kikombe sakafuni, akatoka mvuani, na punde tukasikia juu ya vichwa vyetu kokoto zinakwanguliwa. Mjomba akatega sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka maji yakaanza kushuka kwenye bomba.

"Haya," akasema, "mwenyewe keshapanda."

Akafumba macho, na kesho yake baada ya alasiri tukamzika Mkuyuni, kwenye makaburi ya mama zake.